Namna ya Kuitafuta Pete Baharini Bila Kuipoteza Ndoa

Simama hapo hapo ulipo. Najua moyo umekuruka na unataka kupiga mbizi, lakini usisogeze hata unyayo. Dakika moja iliyopita ulikuwa ukimrusha mtoto juu na kumdaka, maji kifuani, mikono inateleza kwa mafuta ya nazi. Sasa pale palipokaa pete miaka tisa pana mstari wa ngozi laini tu. Pete ipo. Iko karibu na miguu yako, na mtu anayeweza kuizika upesi kuliko wote ni wewe mwenyewe.

Sababu yake ni uzito. Dhahabu safi ni nzito mara 19 kuliko maji, na ile ya karati 18 ni mara 15 hivi, wakati mchanga hauzidi mara tatu. Kwa hiyo pete haichukuliwi na mkondo kama kandambili. Inashuka karibu wima na kulala juu ya mchanga. Halafu kila wimbi linapoutikisa mchanga, chembe zinapanda na pete inashuka kidogo, mpaka ikutane na kitu kigumu cha kuizuia: tabaka la makombe, udongo wa mfinyanzi au mwamba wa matumbawe. Bahari inaifanya kazi hiyo taratibu. Binadamu huifanya kwa nusu saa. Hapa pwani mtu akipiga kelele "pete!", hata asiyekujua anavua shati na kuingia majini, na muda si muda mna wanaume saba wanakanyagakanyaga mahali pamoja, kila mmoja akiapa kwamba ameigusa kwa kidole gumba. Wakatalie kwa adabu. Waambie: "Ahsanteni ndugu zangu, nileteeni fimbo tu."

Fimbo nzuri kuliko zote ni upondo, ule mti mrefu wa kusukumia ngalawa. Uchomeke pale uliposimama, kisha utoke majini kwa kuifuata njia moja iliyonyooka. Kama hakuna upondo wala mtu wa kuuleta, tazama nchi kavu. Tafuta vitu viwili vilivyokaa mstari mmoja, kimoja mbele na kingine nyuma yake, tuseme mnazi ulioinama na mnara wa simu. Kisha geuza shingo utafute jozi nyingine upande wa pili: pembe ya hoteli na paa la msikiti. Mistari hiyo miwili inapokutana ndipo pete ilipo. Wavuvi wa mwambao huu wamekuwa wakiirudia miamba yao ya samaki kwa hesabu hiyo hiyo tangu kabla ya satelaiti. Simu yako itakuonyesha mahali kwa kukosea mita kadhaa, na mita kadhaa chini ya maji ni shamba zima.

Sasa nenda kamwambie mkeo.

Naiweka hatua hii mapema kwa makusudi, na kwa sababu za kiufundi. Wengi huificha habari, wakasema pete wameiacha mezani, kisha wakarudi ufukweni jioni peke yao kama wezi wa nazi. Wamepoteza saa sita za maji na wamempoteza shahidi bora. Mke aliyekaa mkekani akiwatazama ndiye aliyeona ulikuwa upande gani wa boti, na mtoto uliyekuwa ukimrusha huenda anakumbuka kitu chenye kung'aa kimempita usoni. Mwambie hivi, kwa sauti ya kawaida: "Mama, pete imenivuka majini, nimepatia alama, naomba tukumbuke pamoja." Kama ni wewe mke ndiye uliyepoteza, maneno ni yale yale. Huzuni itakuwapo, kelele pengine pia, lakini msako utakuwa umeanza vizuri.

Halafu, kabla ya kuitikisa bahari, itikiseni mikoba. Kung'uteni taulo juu ya mkeka, pekueni viti vya gari, chungulieni chupa ya mafuta na mfuko wa maandazi. Kisha fungueni picha za siku hiyo kwenye simu. Kila picha ina saa yake. Tafuteni picha ya mwisho inayoonyesha pete kidoleni na ya kwanza inayoonyesha kidole kitupu. Kati ya hizo mbili ndimo ulimo msiba wenu, na mara nyingine mtagundua kwamba kidole kilikuwa kitupu tangu kwenye chai ya asubuhi. Nimewahi kuona ukoo mzima ukichota mchanga kutwa nzima kutafuta pete iliyokuwa ndani ya kiatu cha mwenyewe.

Ikithibitika kwamba iko majini, kifaa cha kwanza unachohitaji ni hesabu ya maji, na hiyo ni bure. Bahari yetu inajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku inachelewa kwa dakika 50 hivi. Nyakati za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hufikia mita nne hivi upande wa Unguja. Maana yake ni kwamba pete uliyoipoteza alasiri, maji yakiwa shingoni, inaweza kesho saa nne au saa tano asubuhi kuwa mahali unapopafikia kwa kutembea. Mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, maji ya bamvua hutoka mbali kiasi kwamba mtu aliye ukingoni mwa mwamba unamwona kama kijiti. Msako wa chini ya maji unaofanyika nje ya maji ndio msako mzuri kuliko yote, na mwenye subira ya saa sita hupata zaidi ya mwenye mtungi wa hewa mgongoni. Ikiwa umeipoteza wakati wa maji mafu, ambayo hayajai sana wala hayapwi sana, subiri wiki moja bamvua lirudi. Pete haina safari.

Ukiwa Paje au Jambiani, kuna watu wa kuwaamkia kabla hujaweka mguu. Ni akina mama wa mwani, ambao kilimo chao kilianza Unguja mwaka 1989. Vigingi na kamba unazoziona maji yakipwa ni mashamba yao na ada za shule za watoto wao. Waambie shikamoo, waeleze shida yako, waulize wapi pana mchanga laini na wapi pana mwamba chini. Wanaijua sakafu ya bahari ile kwa nyayo, kama wewe unavyoijua njia ya kwenda kazini. Usipite katikati ya kamba zao na koleo begani ukidhani bahari haina wenyewe.

Tufike kwenye mashine ya kutafutia metali. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaiita ditekta, na walinzi wa milangoni wana kifimbo cha ukoo huo huo. Chini ina sahani, yaani koili, inayotoa uga wa sumaku unaobadilikabadilika upesi. Uga huo ukikutana na metali, unazusha ndani yake mikondo midogo ya umeme, na mikondo hiyo inatoa uga wake yenyewe, ambao koili inausikia na kukulilia masikioni. Pete ni duara lililofungamana, kwa hiyo mikondo inazunguka ndani yake kwa raha na sauti inakuwa safi. Mkufu mwembamba ni shida, kwa maana mashine inausikia kama vijipete vidogo vidogo, kila kimoja kikinong'ona peke yake. Na kwa wale wanaouliza kila mara: lulu haisikiki. Almasi haisikiki. Tanzanite, hata iwe imetoka Mererani leo asubuhi, haisikiki. Kinacholia ni dhahabu iliyoishika.

Maji ya chumvi yanapitisha umeme, na hapo ndipo fedha za watu huungulia. Ditekta ya bei nafuu yenye masafa mamoja ya mawimbi, ukiiingiza kwenye mchanga mbichi wa bahari, inaisikia chumvi yenyewe na kulia bila kukoma, utadhani ufuo wote ni sarafu. Za kufaa ni za aina mbili. Kuna zinazotumia masafa mengi kwa pamoja, kama Minelab Equinox 800 inayohimili mita 3 chini ya maji, au Excalibur II inayohimili mita 66. Na kuna zinazopiga mapigo mafupi na kusikiliza mwangwi, kama Garrett Sea Hunter Mark II. Hizo za mapigo haziijali chumvi, ila hazitengi vizuri chuma na dhahabu, hivyo utachimba misumari mingi ya majahazi. Soma maandishi kabla ya kulipa. Mashine nyingi huuzwa kwa sifa ya kutoogopa maji, kumbe kisichoogopa maji ni ile sahani ya chini tu, na kisanduku cha juu kikiingia maji mara moja ndiyo mazishi yake. Kwa hiyo usiende kumwazima ditekta jamaa yako mchimbaji wa Chunya au Geita. Imetengenezwa kwa ajili ya vumbi, na itarudi kwake ikiwa na kaa ndani.

Kabla ya kuanza, vua kila chenye metali: saa, bangili, mkufu, na pete yako mwenyewe ikiwa wewe ni msaidizi. Pete hiyo usiitie mfuko wa kaptula. Mvalishe mtu aliyebaki nchi kavu. Kuna kisa kinachonifanya nilisisitize hili. Mwaka 1881 Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi, na madaktari hawakujua imelala wapi mwilini. Alexander Graham Bell, yule wa simu, akaja na chombo chake cha kutambua metali kwa sauti, akakipitisha juu ya mgonjwa, na sauti zikamvuruga. Kitanda kilikuwa na springi za chuma chini ya godoro. Tena daktari mkuu alimruhusu kupekua upande wa kulia tu, kwa kuwa aliamini risasi iko huko. Ilikuwa kushoto. Garfield alifariki Septemba mwaka huo.

Sehemu ya pili ya kisa hicho naiona kila ninapomwona mwenye pete akimwelekeza mtafutaji. "Ilikuwa hapa, kaka, naapa, hapa hapa." Kisha anasogea mita kumi. "Au hapa." Mheshimu, msikilize, kisha pima mstatili mkubwa kuliko anavyodai, uuzungushie kamba na vigingi vinne au maboya ya chupa tupu, na uupekue wote. Anza na pale anapopaamini, ili atulie. Usiishie hapo.

Kutembea kwenyewe kuna adabu yake. Koili iwe sambamba na mchanga, karibu kuugusa, isiinuke mwishoni mwa mkono kama panga la kufyekea. Nenda polepole, kila mpito uukanyage nusu ya ule uliotangulia. Kwa sahani ya kawaida ya sentimita 25, pete ya mtu mzima inasikika kwenye kina cha shubiri moja hivi, pengine zaidi kidogo, kwa hiyo ukiinua sahani kwa shubiri umejinyima kina chote. Ukisikia kitu, kipite kwa msalaba, mbele na nyuma, kisha kulia na kushoto. Sauti inapokuwa kali pande zote, kitu kiko katikati. Weka mguu wako hapo kama alama, chomeka koleo la matundu nyuma yake kidogo, chota, chekecha majini. Kabla hujatazama ulichopata, rudisha koili kwenye shimo. Kama bado linalia, kitu kimebaki. Wengi husahau hili, wakashangilia kizibo cha soda huku pete ikilala sentimita mbili chini yake.

Na vizibo utavipata. Utapata vibanio vya nywele, kulabu, betri, karatasi za sigara zenye ng'aro, na zaidi ya vyote kile kipete cha kufungulia kopo. Sauti yake na sauti ya pete ya dhahabu ni ndugu wa tumbo moja, kwa sababu ukubwa na upitishaji wao wa umeme unakaribiana. Hakuna mashine, ya bei yoyote, inayoweza kukuhakikishia ipi ni ipi kabla hujachimba. Muuzaji akikwambia yake inaweza, agana naye. Anayechagua sauti za kupendeza tu ataiacha pete chini. Chimba kila kitu isipokuwa kile ambacho bila shaka yoyote ni chuma, funga mfuko wa wavu kiunoni, weka takataka zote humo na utoke nazo. Ufuo utakushukuru hata kama pete imegoma.

Kwenye maji ya kiunoni hadi kifuani, ambako watu hucheza na ndiko pete nyingi huanguka, hatari ni za miguuni. Vaa viatu vya mpira mgumu. Usinyanyue miguu unapotembea, ikokote, ili taa aliyejifukia mchangani akusikie na kuondoka kabla hujamkanyaga. Mwiba wake ukikupata, toka majini, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto ya kadiri unayoweza kuvumilia bila kuungua, yapata nyuzi 45, na uende hospitali. Ukivaa hedifoni husikii injini ya boti ikija nyuma yako, kwa hiyo mwenzako abaki ufukweni akiangalia, na boya lenye bendera lielee karibu nawe. Siku ambazo kusi imechacha, kaa nyumbani. Kuanzia pale maji yanapokuzidi kimo, hii imeshakuwa kazi ya mzamiaji mwenye mafunzo. Nawaomba wenye pete wasimsukume mwanafamilia yeyote kwenda chini na mtungi wa kuazima. Pete hununuliwa.

Kuna mahali ambapo hupaswi kuchimba hata kwa pete ya bibi yako. Hifadhi za bahari ni mojawapo, Mafia kwa mfano, au Watamu na Malindi, bila ruhusa ya wenye mamlaka. Majani ya bahari yaliyoshona nayo yaachwe, maana ukiyang'oa mchanga unahama na samaki wanakosa vitalu. Na ukiona unachochota kimeanza kuwa cha kale, acha koleo. Mombasa, chini ya Fort Jesus, ililala meli ya Wareno Santo António de Tanná iliyozama mwaka 1697. Kuanzia 1977 wanaakiolojia wa kuzamia, wakishirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, waliifukua kwa misimu kadhaa, kipande kwa kipande, kila kitu kikiandikwa kilipokutwa. Kilichowafundisha kuhusu watu wa meli ile kilitokana na kujua kila kitu kilikaa karibu na nini. Mtu mmoja mwenye ditekta na tamaa angeweza kuifuta habari hiyo kwa adhuhuri moja. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Sarafu ya shaba ya Kilwa si kipete cha kopo. Pokea ushauri wangu: iache, weka alama, katoe taarifa.

Maziwa ni rahisi kwa mashine, kwani maji baridi hayana chumvi ya kuizuga. Ila Ziwa Victoria lina kichocho, na sehemu nyingine mamba, na mamba haheshimu bendera.

Haya, koleo limetoka na pete. Dhahabu haishiki kutu wala kuoza. Iliyokaa mchangani miaka kumi inatoka iking'aa kama jana, wakati fedha hutoka nyeusi na shaba hutoka ya kijani. Usiinyanyue juu majini ukipiga vigelegele, maana nimesikia vigelegele vikigeuka kilio. Ishike ndani ya ngumi, tembea mpaka mkekani, ndipo ufungue mkono. Rudi ufukie mashimo yako. Suuza mashine kwa maji baridi, futa mpira wa kuzibia na hakikisha haukushika chembe ya mchanga wala unywele, kwani ndimo maji yatakamoingilia safari ijayo.

Ikiwa umeipata ya mtu mwingine ukiwa unatafuta yako, angalia ndani yake. Mara nyingi pana herufi mbili na tarehe ya harusi. Katika fikihi kitu kilichookotwa hutangazwa mwaka mzima kabla aliyekiokota hajafikiria kukitumia, na sioni kwa nini asiye Mwislamu afanye pungufu. Wape taarifa watu wa hoteli ya karibu, kamati ya ufuo, msikiti na kanisa, lakini maandishi ya ndani usiyataje. Mwenyewe atayataja.

Na wewe uliyerudishiwa ya kwako, usiivae leo. Kidole kile kile, mafuta yale yale, itakuvuka tena. Ipeleke kwa sonara aipunguze kwanza, na siku ya kuogelea iache nyumbani, mahali ambapo nyote wawili mnapajua.